Rangi ya Mafuta Haikaushi Ukuta

Masika yakishika tu, kuanzia Konde hadi Mkoani kisiwani Pemba, wauza rangi na mafundi wa nyumba huulizwa swali lile lile: rangi gani nzuri ya kuzuia unyevu unaobambua ukuta kwa chini? Swali limekosewa tangu mwanzo, na anayelijibu kwa kutaja kopo, hata akiwa na nia njema, anamtia mwenziwe hasarani. Hakuna rangi inayokausha ukuta ulioloa. Iko inayouficha unyevu kwa msimu mmoja, na muda wote huo ukuta unalika kwa ndani.

Dawa inayosifiwa mitaani inajulikana. Plasta iliyokufa inabanduliwa, inapigwa nyengine ya saruji kali, kisha sehemu ya chini, kiasi cha mita moja, inapakwa rangi ya mafuta. Siku hizi wengine hutia vigae hadi kiunoni, au hubandika karatasi za maua. Hoja yao ni kwamba mafuta na maji hayakai pamoja, basi penye mafuta maji hayapiti. Ingekuwa hoja ya kweli lau maji yangekuwa yanatoka chumbani kwenda ukutani. Hayatoki huko. Yanatoka ardhini, chini ya msingi, na nje, pale paa linapomwaga mvua miguuni mwa nyumba. Jiwe la matumbawe, udongo, hata tofali la mchanga na saruji, vyote vina vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Hupanda mpaka kiasi kinachopanda kilingane na kiasi kinachokauka usoni mwa ukuta, na aghalabu hayavuki mita moja na nusu. Ukiuziba uso huo kwa rangi ya mafuta hujayazuia maji kupanda, umeyazuia kutoka. Yatakwenda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana doa hutokeza juu kidogo ya pale rangi ya mafuta inapoishia, na mwenye nyumba, badala ya kuzinduka, huipandisha rangi nusu mita nyengine.

Halafu iko chumvi, ambayo ndiyo mharibifu hasa na ndiyo isiyotajwa dukani. Maji yanayopanda hayapandi matupu. Yanachukua chumvi ya ardhini, ya jiwe lenyewe lililozaliwa baharini, na ya mchanga wa pwani ambao wengi bado wanaujengea kwa kuwa uko karibu. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuganda chembe chembe. Ukuta ukiwa wazi, chembe hizo huota usoni, zikafagiliwa kwa brashi kavu, basi. Ukuta ukiwa umezibwa, huota nyuma ya rangi, na chembe ya chumvi inapokua husukuma kwa nguvu: hapo ndipo yanapotoka malengelenge. Nyuma ya plasta ya saruji hali ni mbaya zaidi, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na kuliko chokaa au udongo uliolishika. Ikisukumwa haitoki peke yake, inatoka na uso wa jiwe. Aliyeupiga saruji ukuta wa mawe mara tatu, na mara tatu ikabanduka, ameupunguza unene wake mara tatu. Tena chumvi ikishajaa ukutani haingoji maji ya ardhini. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na Pemba wakati wa masika kiwango hicho huvukwa siku baada ya siku. Kwa hiyo hata ukuta wa katikati ya nyumba, usioguswa na mvua, nao hutoka jasho.

Utaambiwa: mbona fulani alipaka na kukakauka? Swali la kumrudishia ni alipaka lini. Kazi nyingi za rangi hufanywa wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, ardhi ikiwa kavu. Miezi hiyo hata ukuta usiopakwa kitu ungekauka. Dawa yoyote ya unyevu ipimwe mwezi wa Mei, si Januari. Utaambiwa pia kwamba nyumba ya tofali ya jirani ina rangi ya mafuta miaka mitano na haijabanduka. Inawezekana kabisa, ikiwa nyumba hiyo ililazwa karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Maji hayapandi, na rangi haikuokoa kitu. Ilikuta ukuta mkavu. Na kwamba saruji ina nguvu ni kweli, lakini ukuta wa zamani hautaki ganda lenye nguvu kuushinda. Unataka ganda dhaifu kuliko wenyewe, yaani la chokaa, liliwe na chumvi kwa niaba yake, kisha baada ya miaka libanduliwe lipigwe jengine.

Lawama iliyobaki ni ya chokaa yenyewe, kwamba inachafua kanzu na mabuibui. Chokaa inayochafua nguo ni ile iliyopakwa nene, mara moja, juu ya ukuta mkavu. Chokaa haikomai kwa kukauka. Hukomaa kwa kuvuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inataka unyevu na siku kadhaa. Wanaotia chumvi ndani ya ndoo ya chokaa ili ishike ndio wanaonikera kuliko wote: wanaununua unyevu na kuupaka kwa mikono yao. Anayedhani chokaa ni dhaifu na atazame kuta za magofu ya Ras Mkumbuu na Chwaka, hapa Pemba. Zilijengwa kwa matumbawe na chokaa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Sehemu kubwa imeanguka, kwa mizizi ya miti na kwa kutotunzwa, lakini zilizosimama zimenyeshewa bila paa kwa karne kadhaa, na zimedumu kwa kuwa zikiloa hukauka. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nao hushikilia chokaa kwa sababu hiyo hiyo.

Basi ufanye nini? Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Maji yakitokea upande wa chumba, yametoka hewani: fungua madirisha, sogeza kabati na kitanda mbali kidogo na ukuta. Yakitokea nyuma yake, yametoka ukutani: toka nje. Tia mfereji wa bati kwenye paa na uyapeleke maji mbali. Chimba udongo uliojaa ukutani mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kama uwanja umesakafiwa saruji hadi ukutani, pengine kwa kuanikia karafuu, kata ukanda wa shubiri mbili ujaze kokoto, maana ardhi iliyofunikwa hutolea unyevu wake ukutani. Bandua saruji kwa tindo na nyundo, taratibu, kisha subiri. Kwa makadirio yaliyozoeleka ukuta hukauka kiasi cha sentimita 2.5 kwa mwezi, kwa hiyo wa mawe wenye sentimita 45 unataka zaidi ya mwaka. Plasta iwe kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga usio wa pwani, matabaka yasiyozidi sentimita moja, ukuta uloweshwe kabla na urushiwe maji siku kadhaa baadaye. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, kwani ile mbichi huchemka ikikutana na maji na inaweza kupofua. Hata hiyo iliyozimwa ivalie miwani. Nyumba ya miti iliyokandikwa irudishiwe udongo, kamwe si saruji. Chokaa ya kupaka iwe nyepesi, uzito wa maziwa, mikono minne, kila mkono kwa siku yake. Anayetaka rangi achanganye unga wa udongo mwekundu au wa manjano, ambao haupauki ndani ya chokaa. Pale chini watoto wanapopachafua, parudiwe kila mwaka kabla ya Idi. Na karatasi za maua, kama lazima ziwepo, zibandikwe kwenye ubao au mlango wa kabati.