Merikebu Kubwa Katika Sanduku Dogo

Mtu akiingia katika chumba na kuona juu ya meza mfano wa merikebu wenye milingoti mitatu, na kamba nyembamba kama nywele, mara nyingi husema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Maneno hayo si ya haki. Mfano uliojengwa vizuri ni kama daftari la hesabu: kila kilichoandikwa ndani yake hapana budi kilingane na kitu kilichokuwapo. Na kama lilivyo daftari, mfano waweza kuwa wa kweli, tena waweza kuwa wa uongo, ijapokuwa kwa macho yote mawili hupendeza.

Kazi ya kujenga mifano ya vyombo vya baharini ni ya zamani sana, lakini hapo kale fundi alichonga kila kipande kwa mkono wake. Katika miaka ya 1950 viwanda vya Uingereza na Marekani vilieneza masanduku yenye vipande vya plastiki vilivyokwisha kutengenezwa, pamoja na karatasi ya maelezo. Mwaka 1952 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa merikebu ndogo ya Golden Hind, ikauzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Mwaka 1959 kampuni ya Revell ya Marekani ilitoa sanduku kubwa zaidi, la merikebu iitwayo Cutty Sark. Yafaa kulitazama sanduku hilo, maana laonyesha wazi tofauti baina ya mtu anayeunganisha vipande tu na mtu anayejenga merikebu.

MERIKEBU YENYEWE

Cutty Sark ilijengwa katika mji wa Dumbarton, Scotland, kwa amri ya tajiri John Willis, ikashushwa majini tarehe 22 Novemba 1869. Kazi yake ilikuwa kuchukua majani ya chai kutoka China mpaka London, na kufika kabla ya wengine. Mataruma yake ni ya chuma, na juu ya chuma hicho zilipigwa mbao ngumu. Sehemu iliyozama majini ilifunikwa kwa mabati ya shaba ya manjano, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao.

Lakini siku 5 kabla ya merikebu hii kugusa maji, Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa. Meli za moshi zikapata njia fupi, na merikebu za matanga zikabaki kuzunguka Afrika yote. Haikupita miaka mingi biashara ya chai ikaondoka mikononi mwao. Kuanzia mwaka 1883 Cutty Sark ikachukua sufu kutoka Australia, na kwa kazi hiyo ndipo ilipopata sifa yake kubwa ya mwendo.

Mabaharia wake hawakuwa watu wa kukata tamaa. Mwaka 1872, iliposhindana na merikebu iitwayo Thermopylae kutoka Shanghai, dhoruba iliung'oa usukani wake ilipokuwa ikikaribia kusini ya Afrika. Seremala wa merikebu alitengeneza usukani mwingine papo hapo juu ya sitaha, mawimbi yakiwapiga, kwa magogo na vyuma vilivyokuwamo chomboni. Wakafika London siku 7 tu baada ya wenzao. Hivyo merikebu yenyewe ilifanyiwa mabadiliko na mafundi wake, na kila badiliko lilikuwa na sababu. Anayejenga mfano wake aikumbuke habari hiyo.

HESABU KWANZA, GUNDI BAADAYE

Mfano wa Revell umepimwa kwa sehemu moja kwa 96. Maana yake ni kwamba kila futi moja ya merikebu kubwa imekuwa thumuni ya inchi katika mfano. Mwili wa Cutty Sark una urefu wa futi 212 na nusu. Ugawe kwa 8, utapata inchi 26 na nusu na kidogo zaidi. Upana wake ni futi 36, basi katika mfano ni inchi 4 na nusu. Baharia mwenye kimo cha futi 6 hana zaidi ya robo tatu za inchi.

Hesabu hii ndiyo hakimu wa kazi yote. Mtu akichukua uzi wenye unene wa milimeta moja na kuufunga kwenye mlingoti, hudhani amefunga kamba nyembamba. Sivyo. Uzi huo, kwa kipimo cha mfano, ni kamba yenye unene wa milimeta 96, yaani karibu inchi 4. Hakuna baharia awezaye kuikunja kamba hiyo kwa mkono. Kamba ya kweli yenye unene wa inchi moja yahitaji uzi wa robo ya milimeta tu. Kadhalika, mshono wa thumuni ya inchi katika tanga dogo ni mshono wa futi nzima katika tanga kubwa. Kwa hiyo fundi mwenye busara huweka nyuzi za unene mbalimbali, na kila mara hujiuliza: kitu hiki kingekuwa na ukubwa gani kama mimi ningekuwa baharia?

KUUNGANISHA

Sanduku likifunguliwa, vipande huwa vimeshikamana na fito za plastiki, kama matunda katika tawi. Wengi huvichuma vyote mara moja, kisha hawajui kipi ni kipi. Njia iliyo bora ni kuviosha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu hubaki na mafuta ya kiwandani ambayo huzuia rangi kushika. Baada ya hapo hukatwa kile tu kinachotakiwa, kwa kisu kikali, na kovu lake husuguliwa kwa tupa ndogo au msasa laini.

Kabla ya kutia gundi, kila kipande hujaribiwa mahali pake kikiwa kikavu. Gundi ya plastiki si kama gundi ya seremala: huyeyusha kidogo pande zote mbili, zikawa kitu kimoja, wala hazitengani tena bila kuvunjika. Tone dogo kwenye ncha ya kijiti latosha. Madirisha yawe wazi, kwa maana harufu ya gundi hiyo ina madhara.

Mwili huja katika nusu mbili, wa kulia na wa kushoto. Zikishaunganishwa hufungwa kwa utepe na kuachwa usiku kucha. Ufa unaobaki hujazwa na kusuguliwa mpaka kidole kisiusikie. Kisha hufuata rangi: nyeusi juu, na ya shaba sehemu inayozama. Vitu vya sitahani hupakwa rangi kabla ya kubandikwa, maana baadaye brashi haitafika.

Kazi iwashindayo wengi ni kamba. Mkulima aliyewahi kujenga ua wa waya ataielewa upesi. Ukivuta waya kabla ya kuutegemeza mhimili wa pembeni, mhimili huinama; na ukiuvuta upande mmoja kupita kiasi, mstari wote hupinda. Milingoti ni vivyo hivyo. Kamba za kuishika milingoti hufungwa kwanza, kutoka chini kwenda juu, na kutoka katikati kwenda nje. Kila ivutwapo ya kulia, ya kushoto nayo huvutwa kwa kiasi kile kile. Kamba hizo huwa nyeusi, kwa sababu katika merikebu kubwa zilipakwa lami. Kamba za kupandisha na kugeuza matanga hazikupakwa, basi uzi wake huwa wa rangi ya katani. Uzi wowote hupitishwa kwanza katika nta ya nyuki, ili manyoya yake yalale na usinyonye unyevu.

KUBADILI KWA SABABU

Hapo ndipo kazi ya karatasi ya maelezo inapokwisha, na kazi ya akili inapoanza. Badiliko la kwanza ambalo mafundi wengi hufanya ni kuondoa ile milingoti ya plastiki na kuchonga mingine ya mti. Sababu yake ni ya nguvu: plastiki nyembamba hupinda nyuzi zikikazwa, na mlingoti uliopinda huharibu kamba zote. Kijiti cha mti kilichonyoka hushikwa kwa vidole na kuzungushwa ndani ya msasa, kikipunguzwa kidogo kidogo kuelekea juu. Matanga ya plastiki nayo huweza kubadilishwa kwa kitambaa chembamba sana, kilichochemshwa katika chai ili weupe wake upungue. Inafaa mno, kwa merikebu iliyoishi kwa chai.

Lakini badiliko kubwa zaidi ni kuchagua mwaka. Cutty Sark haikuwa na sura moja maisha yake yote. Mwaka 1880 milingoti yake ya chini ilikatwa karibu futi 9 na nusu, ili merikebu iendeshwe na mabaharia wachache. Katika mfano, futi hizo ni zaidi ya inchi moja, tena jicho laziona. Basi ajengaye merikebu ya chai hana budi kuipa milingoti mirefu, na ajengaye ile ya sufu aipunguze.

Mwaka 1895 merikebu iliuzwa kwa Wareno, ikaitwa Ferreira, ikawa inasafiri hata kwenda Msumbiji na Angola. Mwaka 1916 ilivunjikiwa na milingoti katika bahari ya kusini ya Afrika, ikavutwa mpaka Cape Town. Wakati huo wa vita kuu vifaa vya kuirudishia hali yake ya kwanza vilikuwa adimu. Kwa hiyo mlingoti wa mbele tu uliwekewa foromali za kukingama, na ile miwili ya nyuma ikapewa matanga yafuatayo urefu wa chombo. Fundi anaweza kuyatumia mwili na vipande vya sanduku lile lile kuijenga merikebu hiyo ya Wareno. Lakini na aangalie. Akiweka foromali za mwaka 1869 pamoja na jina la Ferreira lililobaki baada ya mwaka 1916, amesema uongo. Akipandisha bendera ya kifalme ya buluu na nyeupe juu ya milingoti iliyowekwa Cape Town, amesema uongo vilevile, kwa sababu ufalme wa Ureno uliondolewa mwaka 1910, na bendera ya kijani na nyekundu ikashika mahali pake mwaka 1911.

Mwaka 1922 Kapteni Wilfred Dowman aliinunua merikebu hiyo, akairudisha Uingereza na kuirudishia jina lake. Iliwekwa katika gati kavu la Greenwich mwaka 1954. Moto uliizukia tarehe 21 Mei 2007 ilipokuwa ikitengenezwa, lakini milingoti na vitu vingi vya sitahani vilikuwa vimekwisha kuondolewa na kuwekwa mahali pengine, vikaokoka. Ilifunguliwa tena mwaka 2012.

KILICHOPOTEA PWANI

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanayo sababu yao wenyewe ya kuiheshimu kazi hii. Katika visiwa vya Lamu kulikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma, bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mtepe ulibeba mizigo kwa karne nyingi, kisha katika karne ya 20 ukatoweka, wala hakubaki hata mmoja ulio mzima. Wazee walioushona wakafariki na ujuzi wao. Yaliyosalia yalikuwa picha, maandishi ya watu wachache, na mifano midogo iliyowekwa katika nyumba za makumbusho.

Mwaka 2003 mafundi wa Unguja walijenga upya mtepe mzima, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Hawakuwa na chombo cha kukiigia. Ilibidi waongozwe na mabaki hayo. Msomaji na apime uzito wa jambo hilo. Mtu aliyekaa zamani na kisu chake akichonga mtepe mdogo hakujua kwamba siku moja mfano wa namna hiyo ungekuwa shahidi. Kama angaliongeza pambo kwa kujipendezea tu, wajukuu wangaliweza kulijenga pambo hilo kwa ukubwa wake wote, wakidhani ndiyo desturi ya babu zao. Na kwa kuwa sehemu ya jumba hilo la Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020, ni dhahiri kwamba vipimo vya chombo havifai kuwekwa mahali pamoja tu.

SHAURI KWA ANAYEANZA

Asiye na sanduku la kununua asisikitike. Aliye karibu na pwani, au na ziwa lenye mitumbwi na mashua, anaweza kwenda na kamba ya kupimia, kalamu na daftari, akapata ruhusa ya mwenye chombo, akapima urefu, upana, kina na mlingoti. Kisha agawe kila kipimo kwa 24, yaani nusu inchi kwa kila futi, achonge kwa mti mwepesi. Mashua ya futi 20 itakuwa inchi 10, kiasi kinachofaa meza yoyote.

Na kazi ikiisha, iwe ya sanduku au ya mti, chini ya kitako cha mfano ibandikwe karatasi ndogo. Iandikwe ni chombo gani, cha mwaka gani, na kipimo ni kipi. Iandikwe pia kilichobadilishwa na sababu yake, na kile ambacho fundi alikikisia tu. Karatasi hiyo ni kazi ya dakika 5. Atakayeisoma baada ya miaka 100 atajua ni sehemu zipi azitegemee anapotaka kukijenga chombo chenyewe.