Mlo wa Wiki ya Nne

Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 30, ni kama shilingi 67 kwa siku. Lakini hakuna nyumba inayokula kwa hesabu hiyo. Kule Mbeere katika Kaunti ya Embu, au Igembe na Tigania upande wa Meru, pesa zikiingia mwenye duka hulipwa deni lake kwanza, unga na mafuta hununuliwa, kisha kilichobaki huleta maziwa, mayai au robo kilo ya nyama. Mwezi ukisonga, hivyo vilivyonunuliwa mwisho ndivyo hutangulia kutoweka.

Sufuria ya wiki ya nne haikosi kitu. Githeri imo, ila mahindi yamezidi na maharagwe ni ya kuhesabu. Sukuma wiki imechemshwa bila mafuta, ilhali mwili unahitaji mafuta ili kufyonza vitamini A ya mboga. Chai ya maziwa imegeuka turungi, na turungi ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Tumbo linashiba, lishe imeshuka.

Mshuko huo unapimika. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA), ambayo hutoa taarifa za kila mwezi kuhusu kaunti hizi mbili, hutumia alama ya ulaji: nyumba huulizwa ilikula nini siku 7 zilizopita, na kila kundi la chakula lina uzito wake. Nyama na maziwa hupewa 4 kwa kila siku vilipoliwa, kunde na maharagwe 3, nafaka 2, mboga na matunda 1, mafuta na sukari nusu. Maziwa ya kutia chai tu hayahesabiwi.

Tuseme wiki ya malipo nyumba imekula ugali siku 7, maharagwe 4, mboga 5, maziwa 4, matunda 2, nyama 1, mafuta na sukari kila siku. Jumla ni 60. Wiki ya nne ugali ni ule ule siku 7, lakini maharagwe ni siku 1, mboga 4, mafuta na sukari siku 4. Jumla ni 25. Alama inayozidi 35 huhesabiwa kuwa inakubalika. 21 kushuka chini ni ulaji duni. Kwa hiyo nyumba hiyo hiyo, kwa msaada ule ule, huonekana salama au mashakani kutegemea siku ambayo mhoji alibisha hodi.

Hali hii haitokani na uzembe wa maskini wa Kenya. Mwaka 2005 mwanauchumi Jesse Shapiro alionyesha kwamba huko Marekani wapokeaji wa stempu za chakula, zinazotolewa mara moja kwa mwezi, hupunguza kalori kwa asilimia 10 hadi 15 kabla ya malipo mengine kufika. Kwetu kuna mizigo zaidi: maziwa na nyama havikai bila friji, kununua kidogo kidogo ni ghali, na pesa ya nyanya hulisha wajukuu pia. Malipo yakichelewa, wiki ya nne huwa ya tano na ya sita.

Nyumbani, ndengu na kunde zinunuliwe baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na majani ya kunde yakaushwe yawekwe. Kuku wachache wa kienyeji hutaga bila kungoja tarehe ya malipo. Kwa serikali, tarehe isiyobadilika ina thamani kama nyongeza ya pesa, kwa kuwa mwenye kujua siku ya malipo hupanga na hukopa kidogo. Na anayetaka kujua kama msaada unatosha, aulize watu wanakula nini siku chache kabla haujaingia.