Bogenvilia si ua la kwetu

DOHA – Waafrika Mashariki wengi tunaokutana nao hapa wakiona bogenvilia imetanda ukutani husema: hilo ua la kwetu. La hasha! Asili yake ni Amerika Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliikuta Brazil mwaka 1767, akaipa jina la mkuu wa msafara wake, Bougainville. (Yale mekundu, tukumbushe, ni majani, ua lenyewe ni dogo, jeupe, limo ndani yake.) Walowezi waliipanda Kenya kwenye bustani zao, kwani kipande cha tawi tu huota, na mmea huvumilia kiu. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, walowezi wengi wakaondoka, bogenvilia ikabaki bila kuulizwa kibali. Sisi hapa Doha, pamoja na vijana wanaoimwagilia maji, tunahesabu miezi iliyobaki kwenye vibali vyetu vya ukaazi.