Ibada Haiishii Mlangoni mwa Kanisa

Neno ‘ibada’ tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko una maana ya kutumikia. Kwa hivyo, mtu asemaye kuwa anakwenda ibadani anakiri, ajue asijue, kwamba anakwenda kujitoa kuwa mtumishi. Yamkini wengi wetu tumeisahau maana hiyo. Jumapili nyimbo huhanikiza kutoka Voi hadi Wundanyi, na kutoka Mwatate hadi Taveta. Jumatatu ikifika, shoka hurudi msituni na jirani husahauliwa.

Injili si ngeni katika eneo hili. Mmishonari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka wa 1883, na mwaka wa 1894 kitabu chake kuhusu lugha ya Kitaita kikachapishwa London. Mapadri wa Kikatoliki nao walianzisha misheni yao Bura katika miaka ya 1890. Dayosisi ya Kianglikana ya Taita Taveta, yenye makao yake Voi, iliundwa mwaka wa 1993. Basi swali si kama imani imefika, bali ni kama imeteremka kutoka mimbarini hadi shambani na kisimani.

Tuanze na uumbaji. Misitu ya asili iliyosalia katika Milima ya Taita, kama vile Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande vidogo tu. Lakini ndani yake mna ndege na mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Wazee wa Kitaita walikuwa na misitu yao mitakatifu, waliyoiita fighi, ambamo kukata miti kulikuwa mwiko. Wakristo wengi walifunzwa kuudharau mwiko huo kama ushenzi. Tulipoutupa bila kuweka wajibu mahali pake, tuliacha pengo, na shoka likaingia.

Matokeo yake hayabaki mlimani. Mto Voi huanzia katika milima hiyo, ukateremka hadi mjini Voi, kisha ukaingia Tsavo Mashariki. Anayefyeka msitu kwenye chemchemi humnyang’anya maji mtu wa tambarare asiyemjua hata kwa sura. Kumpenda jirani, katika hali hii, ni kuuacha mti usimame, au kupanda wa kienyeji kando ya kijito badala ya mkaratusi ufyonzao maji mengi.

Hata hivyo, kupanda miti bila kutetea haki ni kazi nusu. Hifadhi za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka wa 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii, na mashamba makubwa ya katani na ranchi zimechukua sehemu nyingine. Ndovu huweza kuteketeza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua fidia, lakini malipo huchelewa mno. Maji ya Mzima, yabubujikayo ndani ya Tsavo Magharibi, yamepelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na wenyeji wameteta kwa muda mrefu kwamba wao wamebakiziwa kiu. Kumhubiria mkulima huyu subira, bila kumsaidia kudai haki yake, ni kumwongezea mzigo.

Kuna wasemao kwamba hayo ni siasa, na kwamba kazi ya kanisa ni kuokoa roho. Ni kweli kuwa mimbari haifai kugeuzwa jukwaa la wagombea. Lakini Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa kisa cha Msamaria aliyemfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake na kumlipia gharama ya malazi. Hakumwacha njiani akamwombea kwa mbali.

Walimu na wanafunzi wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kitalu cha miche ya kienyeji nyuma ya darasa hakihitaji mfadhili kutoka ng’ambo. Aidha, mwanafunzi ajuaye kusoma na kuandika anaweza kuketi na nyanya yake, ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu, akamjazia fomu ya kudai fidia na kumsindikiza hadi ofisini. Kazi hiyo haina kinanda wala kwaya, lakini kwa maana ya asili ya neno lenyewe, hiyo nayo ni ibada.