Kuoana, Kumudu na Kuenea: Istilahi za Kipoza cha Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuchambua istilahi zihusuzo kipoza cha kompyuta, yaani kile chombo cha metali chenye feni kinachokaa juu ya kichakataji ili kukiondolea joto. Huenda baadhi ya wasomaji wetu, walimu na watumishi wa serikali, wakaona kuwa jambo hili ni la mafundi. Lakini siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu akijiundia kompyuta nyumbani kwa kununua sehemu moja moja, na karatasi za maelezo ya sehemu hizo hutufikia sisi ili tuzitafsiri. Mimi mwenyewe nilitafsiri mojawapo, nikakosea, na gharama ya kosa langu ikalipwa na mtu mwingine.

Nilikuwa likizoni kwetu Mkolani, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili maelezo ya kipoza alichokuwa akikiuza. Waingereza wana neno moja walitumialo kwa kila hali ya vitu viwili kukubaliana, nami nililifasiri kwa kitenzi -faa: kipoza hiki kinafaa kwa vichakataji vya Intel. Sentensi ilikuwa nyepesi, nikaridhika nayo. Baada ya majuma machache mwalimu wa sekondari, jirani yetu, alikinunua kwa kuitegemea sentensi hiyo. Alikuwa akiunda kompyuta ya kuchapia mitihani ya wanafunzi wake. Kipoza kilikataa kukaa. Alipokishindilia, pini mbili ziliingia na mbili zikaelea. Kompyuta ikawaka, ikafanya kazi asubuhi, na ilipofika saa nane mchana ikawa inajikokota mpaka ikazimika. Aliniita, akiwa ameishika ile karatasi. “Ndugu yangu, hapa umeandika kinafaa,” aliniambia. “Kinamfaa nani?”

Swali hilo ndilo lililonirudisha mezani. Nilipoyapitia upya maelezo ya Kiingereza niliona kwamba neno lao moja lilikuwa limebeba maswali manne yaliyo mbalimbali, na kwamba Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila swali.

La kwanza ni la matundu. Kichakataji hukaa katika soketi, na kandokando ya soketi kuna matundu manne ambamo miguu ya kipoza hushikwa. Kwa baadhi ya soketi za Intel za kabla ya mwaka 2021, kama vile LGA 1200, matundu hayo huwa katika mraba wa milimita 75 kila upande. Soketi ya LGA 1700, iliyotoka mwaka 2021, ina mraba wa milimita 78. Tofauti ni milimita tatu tu, lakini ndizo zilizomshinda jirani yangu. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM5 ya mwaka 2022 ilirithi mpangilio wa matundu wa AM4, hata vipoza vingi vya zamani vikaendelea kutumika. Lakini bamba la nyuma la AM5 halibanduliki, na kipoza kinachotaka kuja na bamba lake chenyewe hakiwezi kufungwa. Kwa hiyo kutaja jina la kampuni peke yake hakutoshi. Mtafsiri hana budi kuitaja soketi. Kitenzi kifaacho hapa ni -oana, ambacho mafundi wetu hukitumia kwa skrubu na nati yake: kipoza hiki kinaoana na soketi ya LGA 1700.

Neno soketi lenyewe halikunipendeza, kwa kuwa tayari lipo ukutani kwa ajili ya umeme. Mwenzangu mmoja alipendekeza kikalio. Kila aliyelisikia alicheka, na istilahi inayochekesha darasani haidumu. Tubaki na soketi.

Swali la pili ni la joto, nalo ndilo zito kuliko yote. Kila kichakataji huandikiwa idadi ya wati, na watafsiri wengi huifasiri kuwa ni umeme unaotumiwa. Kwa mwenye kuchagua kipoza, maana iliyo muhimu ni joto linalopaswa kuondolewa; kwa hiyo napendekeza kadirio la joto. Tena msomaji ajue kuwa kadirio laweza kuwa zaidi ya moja. Kichakataji cha Intel Core i5-12400, kilichokuwamo katika kompyuta ya jirani yangu, kina wati 65 za kawaida na wati 117 kinapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Karatasi yangu ilitaja 65 tu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kipoza dhaifu huacha joto lipande, tuseme, kwa nyuzi 0.6 za sentigredi kwa kila wati moja. Kwa wati 65 joto litapanda kwa nyuzi 39. Katika chumba chenye nyuzi 30 kichakataji kitafika 69, wala hapana tatizo. Kwa wati 117 joto litapanda kwa nyuzi 70, na kichakataji kitafika nyuzi 100, ambazo kwa aina hiyo ndiyo kikomo. Kikifika hapo hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Sasa weka kompyuta hiyo chini ya bati bila dari, mchana, chumba kikiwa na nyuzi 34. Kipoza chenye nyuzi 0.4 kwa wati, katika chumba hicho hicho, kingeishia kama nyuzi 81. Hapa -faa hakisemi kitu. Kitenzi ni -mudu: kipoza hiki kinamudu wati 120. Nyongeza ndogo kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa: Mwanza iko karibu meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Feni ikizunguka mara zile zile huchukua joto pungufu. Anayenunua na aongeze akiba.

Swali la tatu ni la nafasi. Vipoza vya mnara huwa na kimo cha milimita 150 hadi 165, na makasha mengi madogo hayana nafasi hiyo. Mlango wa kasha haufungi. Kiswahili hakihitaji kubuni neno, kwa kuwa tunalo la nguo: shati limemwenea. Vivyo hivyo kipoza kimeenea katika kasha.

La nne ni la feni. Feni nyingi za kipoza hutumia volti 12, na upana wake mara nyingi ni milimita 92 au 120. Yenye pini tatu huongozwa kwa kupunguziwa au kuongezewa volti. Yenye pini nne hupokea amri ya mwendo kwa pini ya nne. Bodi isiyojua lugha ya feni huiacha izunguke kwa kasi ile ile usiku kucha. Nasema feni inaitii bodi, au haiitii. Kwa feni hii napendelea feni kuliko pangaboi, ambalo limekwisha kukaa darini. Tena huelezwa kuwa neno hilo lilianzia kwa mtumishi aliyekuwa akivuta kamba ya kipepeo cha nguo kumpepea bwana wake, na kumbukumbu hiyo haina haja ya kuingizwa katika kasha la kompyuta.

Lile pande la metali lililo chini ya feni limewatatiza wengi. Waliotafsiri neno kwa neno walipata sinki la joto, na msomaji akafikiri habari za kuoshea vyombo. Mafundi husema rejeta, lakini rejeta ina maji, na yafaa iachiwe vile vipoza vyenye maji kweli. Mimi mwanzoni niliandika kihifadhijoto. Aliyekulia Mkolani angepaswa kujua zaidi: miamba yetu huhifadhi joto la mchana kutwa, na ukiiegemea saa mbili za usiku bado ni ya moto. Pande hili halitakiwi kufanya hivyo hata kidogo. Kazi yake ni kulipokea joto na kulitawanya hewani papo hapo, na ndiyo sababu limekatwa vipande vyembamba vingi, ambavyo naviita mapezi. Basi liitwe kitawanyajoto. Mapezi hayo huzibwa na vumbi, na kwetu pia na wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku; yapigwe brashi mara kwa mara.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, marufuku ambayo imekwisha kuondolewa. Wakati ule joto lilikuwa shauri la wachache. Leo ni shauri la mwalimu mwenye bisibisi mkononi.

Nilimwandikia jirani yangu maelezo mapya: kipoza kinachooana na LGA 1700, kinachomudu wati 120, chenye kimo cha milimita 155. Alipima kasha lake kwa rula kabla ya kwenda mjini, na safari hii pini zote nne ziliingia.

Limebaki neno moja. Kati ya kichakataji na kitawanyajoto hupakwa kitu kizito kama uji, kinachoziba vijitundu vya hewa ili joto lipite. Wengine hukiita gundi, nacho hakigandishi, wengine pesti, wengine dawa, kama dawa ya meno, hata mgeni akadhani kompyuta ina homa. Grisi ya kupitishia joto ni sahihi lakini ni ndefu. Wasomaji wenye neno fupi linalotumika kwa mafundi wa mahali pao wanaombwa waliandikie Baraza, pamoja na kutaja mahali walipolisikia.