Mashine za Tandale zilivyolichachafya Shirika la Usagishaji

Kijana wa Dar es Salaam anayeanza biashara kwa mtaji wa mfukoni huhadithiwa sana habari za kampuni kubwa zilizoanzia kwenye magereji ya Marekani. Ningemshauri aende Tandale, Kinondoni, kwenye mashine za kusaga sembe.

Hadithi ya mashine hizo inaanzia mbali. Februari 1967, wiki ileile ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya nafaka, vikiwemo vya familia ya Chande. Likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na Jayantilal Chande mwenyewe akaombwa aliongoze. Baadaye shirika likawa ndilo linalonunua mahindi kwa wakulima, linayasaga na kuuza unga. Mtu binafsi kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa hadi mkoa bila kibali lilikuwa kosa. Mshindani angetokea wapi?

Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na vipuri vya mitambo ya NMC vilitegemea fedha hizo. Unga ukawa wa foleni. Ulipopatikana, mara nyingine ulikuwa wa njano, wa mahindi ya msaada, ule watu waliouita unga wa yanga. Walioula hawana hamu nao mpaka leo.

Mwaka 1984 serikali iliondoa ruzuku ya sembe, bei ikapanda, na kiwango cha kusafirisha kikaongezwa hadi kilo 500. Mwaka 1987 kikafutwa kabisa. Hapo ndipo wenye mashine ndogo walipopenyea.

Walichouza hasa ni huduma. NMC ilikuuzia unga wake. Mwenye mashine alikusagia mahindi yako. Mama anafika na debe lake, linapimwa, mahindi yanarashiwa maji kidogo, yanakobolewa, yanasagwa huku anatazama. Akitaka dona, hayakobolewi. Nyundo ndani ya mashine zikiisha makali, fundi wa mtaani anachonga nyingine kwa chuma chakavu, haisubiriwi meli. Mtambo mkubwa ukikosa mahindi ya kutosha unakula hasara tu. Mashine ya Tandale ikikosa mteja inazimwa, mwenyewe anakaa kivulini kunywa kahawa.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Bila mlango wa 1984 ujanja huo wote ungeishia mahakamani. Anayesema juhudi peke yake huliangusha shirika kubwa hajaiuliza sheria ilisemaje wakati huo.

Na vita vya leo ni vya aina nyingine. Wenye mashine wengi wamehamia kwenye unga wa mifuko, wakapigania alama ya ubora ya TBS na nafasi kwenye rafu ya mangi, mwenye duka la mtaani. Kampuni kubwa ina malori yake na inaweza kumwachia mangi mzigo kwa mali kauli, alipe akishauza. Mdogo akijaribu hivyo anakwama: mahindi ya soko la Kibaigwa aliyanunua taslimu, na umeme wa LUKU hulipiwa kabla. Ndiyo maana wajanja hubaki na wateja wao wa karibu, mama ntilie na shule za jirani, wanaochukua kidogo na kulipa papo hapo. Siku unga ukisuasua, hela ya umeme hutoka kwenye pumba, ambayo wafuga kuku huifuata wenyewe hadi mlangoni.