Buibui Mkubwa wa Ukutani: Je, Ana Madhara?

Katika nyumba zetu za Mnazi Mmoja na Kariakoo, hasa zile za zamani, usiku huonekana buibui mkubwa wa kahawia, bapa, aliyetandaza miguu ukutani kama kiganja cha mkono. Wengi wetu humwua kwa kandambili au humpulizia dawa. Ni vema tumfahamu kwanza.

Ni nani huyu?

Wataalamu humwita Heteropoda venatoria. Carl Linnaeus wa Sweden alimwandika vitabuni mwaka 1767. Asili yake ni Asia, lakini amesafiri na shehena za vyombo vya baharini hadi nchi nyingi za joto. Mara nyingine hujificha ndani ya mkungu wa ndizi. Mwili wake una sentimita 2 hadi 3, na miguu ikitandazwa hufika 7 hadi 12. Ndugu yake wa Laos, Heteropoda maxima, aliyetangazwa mwaka 2001, hufika sentimita 30.

Buibui huyu hategi utando. Huwinda kwa mbio, na chakula chake kikubwa ni mende. Mende hutoka chooni akatembea juu ya chakula, akaleta vijidudu vya kuhara. Tena kinyesi chake huamsha pumu kwa watoto.

Akiuma?

Huuma akibanwa, au jike akiwa amebeba mfuko wake mweupe wa mayai. Kwa kawaida mtu hupata maumivu na uvimbe mdogo tu. Tuoshe kwa maji na sabuni, kisha tuweke kitambaa cha maji baridi. Tusichanje kwa wembe. Ila mgonjwa akitoka jasho jingi, akikaza misuli au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

"Mkojo wa buibui"

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Mtu akiamka na malengelenge, husemwa amekojolewa na buibui. Sivyo. Pengine amemponda mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye majimaji yake huunguza ngozi. Lakini malengelenge yakijipanga upande mmoja tu wa mwili, pamoja na maumivu ya kuchoma, huenda ni mkanda wa jeshi. Huu huletwa na virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimelala mwilini.

Dawa zake husaidia zaidi zikianza ndani ya saa 72. Anayepaka dawa ya meno akingoja "mkojo" ukauke hupoteza siku hizo tatu. Yakitokea karibu na jicho, asingoje hata kidogo, kwani anaweza kupofuka. Na kwa kuwa ugonjwa huu hupata nafasi kinga ya mwili inaposhuka, ni busara mgonjwa apime pia virusi vya UKIMWI. Si kila mwenye mkanda wa jeshi anavyo, lakini anayejua mapema hutibiwa mapema.

Tufanye nini?

Tusinunue dawa ya wadudu iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo. Watoto wamekwisha kuinywa wakidhani ni soda. Tufunike chakula, tutoe takataka kila jioni, tuzibe nyufa. Buibui akituudhi, tumfunike kwa kopo, tupitishe karatasi ngumu chini yake, tumtoe nje. Mende wakipungua, naye ataenda kutafuta riziki kwingine.